Mkwe Mheshimu, Injini Ipime

"Mkwe mheshimu, injini ipime." Mnaitamka mkicheka, wajukuu zangu, mkidhani ni maneno ya wahenga. Wahenga gani waliokuwa na injini? Methali hii ilianza hivi, tena nyumbani kwetu, nami nilikuwapo.

Baba yangu, Mzee Mwandawiro, alikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili. Alilifuta mpaka ukajiona uso. Babu yenu Mwakio, ndiyo kwanza amenioa, akalitamani, na baba akakubali kumuuzia. Siku ya kulichukua Mwakio alikuja na fundi wake, Mghanga. Fundi akatoa mkobani geji ya kupimia injini.

"Nifungue plagi nipime kompresheni," akasema. "Kama silinda hazishiki hewa, litanguruma vizuri hapa uani, lakini mlimani litakosa nguvu."

Baba alikuwa ameketi barazani, anatutazama. Mwakio akamnong'oneza fundi, "We! Nimkague baba mkwe kama tapeli? Rudisha hiyo."

Geji ikarudi mkobani. Baba aliona, akanyamaza. Sisi tukamsifu Mwakio kwa adabu yake. Adabu, jamani!

Mimba yangu ya kwanza ilipotimia, uchungu ukanishika ghafla, na hospitali iko juu mlimani. Mwakio akaniweka garini. Kona za chini tulipanda. Kwenye mwinuko mkali gari likafuka moshi, likapunguza mwendo, likasimama. Akaliwasha tena, likanguruma. Akikanyaga mafuta, halisogei. Nilijifungulia kando ya barabara, nimeshika mkono wa mume wangu. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Tulipomaliza kumzika, baba alimwita Mwakio mbele ya watu wote.

"Mwanangu, mbona hukulipima lile gari?"

"Nilikuonea haya, baba."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia. "Nilijua limechoka," akasema. "Nilingoja ulipime, ujue mwenyewe, nisiseme kwa kinywa changu. Nami niliona haya." Kisha akawageukia vijana waliokuwa pale, akayasema maneno haya mnayoyachekea.

Mwakio hakuacha kumwamkia baba kwa heshima mpaka siku baba alipofariki. Basi kesho mkimsindikiza ndugu yenu kuliona gari analotaka kununua kwa baba wa mchumba wake, mpeni mzee shikamoo, kunyweni chai yake, kisha fungueni plagi, hata akinuna. Mkwe mheshimu, injini ipime.