Kamba ya Gari la Ihanga

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, maana magari yalikwishafika, kijiji cha Ihanga kilikuwa na gari moja. Lilipeleka wagonjwa hospitalini, likawarudisha wazima au maiti. Barabara ilikuwa moja tu, ikipanda mlima Ilindi, na wakati wa mvua tope la Ilindi lilimeza gurudumu zima. Ndiyo maana mbele ya gari palifungwa winchi yenye kamba ya nailoni. Gari likizama, kamba inafungwa kwenye mti, winchi inavuta, gari linatoka.

Fundi aliyeifunga aliwakusanya watu akawaambia, "Kamba hii haiogopi mzigo. Inaogopa kusuguliwa, inaogopa mchanga, inaogopa jua. Mkimaliza kuvuta, izungusheni ibane, na ndoano iliyo mwisho wake muifunge. Ikichafuka, ioshwe. Na gari likitembea au likilala, ifunikwe turubai lake."

Watu wakaitikia, "Tumesikia." Kusikia hakumchoshi mtu.

Dereva alikuwa Tweve, mtu wa haraka. Akishanasuka topeni, aliizungusha kamba ovyo, ndoano akaining'iniza kwenye bampa, akaondoka. Kutwa nzima kamba ililegea, ikasugua chuma. Asubuhi ikasugua, jioni ikasugua.

Msimamizi wa mazishi alikuwa mzee Chaula. Yeye aliona kamba imara kuliko zote kijijini, akasema marehemu nao wana haki yao. Kila msiba aliikunjua kutoka kwenye winchi, akateremshia jeneza, kisha akairudisha na udongo wake wa kaburini. Hakuiosha hata mara moja, kwa kuwa Ihanga udongo wa kaburi hauoshwi. Kuuosha ni kumfukuza marehemu.

Wa tatu alikuwa Nikodemo, kijana aliyemwoa Atukuzwe. Mvua za kwanza zilipoanza, paa lao lilivuja juu ya kitanda, na mkewe alikuwa mjamzito. Nikodemo akalichukua turubai la winchi akalitandaza juu ya paa. Mkewe akalala pakavu. Kila mvua ilipokatika, jua kali la milimani likaipiga kamba iliyo wazi.

Miezi ikapita, uchungu ukamshika Atukuzwe. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakampakia garini asubuhi, yeye na mumewe na mama yake, Selina. Wakafika Ilindi, gari likazama. Tweve akafunga kamba kwenye mkaratusi, akavuta. Kamba ikakatika. Akaunga fundo, akavuta, ikakatika mahali pengine. Akaunga tena, ikakatika tena. Mchana ule Atukuzwe alijifungua garini, mikononi mwa mama yake. Mtoto wa kike akalia. Damu ya Atukuzwe haikukoma, na kabla watu hawajafika na machela, alikuwa amekwisha.

Sasa, Ihanga walikuwa na desturi nyingine, na hii ni nzito. Aliyekufa kwa uzembe hafukiwi mpaka mwenye kosa ashike udongo kwa mkono wa kushoto, aseme, "Ni mimi." Husema mtu mmoja tu. Akishasema, jina lake ndilo atakaloambiwa yatima.

Siku ya mazishi jeneza liliteremshwa kwa vitenge vya wanawake vilivyofungwa pamoja. Selina akasimama ukingoni, mtoto mgongoni, kipande cha kamba mkononi. Kipande kilikuwa kimelika, kimejaa mchanga, na kimepauka. Akauliza, "Ni nani?"

Tweve akasema, "Mama, kusuguliwa ni kosa langu. Lakini kamba safi, iliyofunikwa, ingestahimili bampa. Na haraka yangu ilikuwa ya wagonjwa. Nikishuka kufunga ndoano, kuna mtu anakata roho nyuma."

Mzee Chaula akasema, "Mwanangu Selina, mchanga ni wangu. Lakini marehemu mume wako nani alimteremsha kaburini? Niliitumia kamba hii hii, nawe ukanishukuru. Ningeiosha, ungenilaani."

Selina akakubali kwa kichwa, maana ilikuwa kweli, na ilimuuma.

Nikodemo akasogea ukingoni. Kisha akasema, "Mama, jua ni langu. Sikulichukua turubai kwa ajili yangu. Nililitandaza juu ya kitanda chake. Mpaka leo liko pale, na kitanda ni kikavu."

Watu wakalia. Hata Tweve akalia.

Mzee Chaula akanong'ona, "Basi tushike udongo sote watatu."

"Hapana," Selina akasema. "Mtoto huyu atakuja kuniuliza. Nikimtajia majina matatu, itakuwa sijamtajia mtu. Na nikimtajia baba yake, atakuwa hana mama wala baba. Nikimtajia asiye na kosa, nitakuwa nimemdanganya juu ya kaburi la mama yake. Nataka mkono mmoja."

Mawingu yalikuwa yameshukia Ilindi. Kaburi lilikuwa wazi, na matone ya kwanza yalianza kugonga jeneza. Wanaume watatu wakasimama, kila mmoja akiutazama mkono wake wa kushoto.

Hadithi nimeipokea ikiishia hapo, nami siwezi kuimalizia peke yangu. Semeni nyinyi mnaonisikiliza: msuguo, mchanga, jua; je, ni mkono wa nani uliostahili kushika udongo ule?