Bi Waridi Ni Yupi?

Sogeeni. Mwenye simu mkononi aiweke kifudifudi, maana kisa chenyewe kimetoka humo humo.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Tanga, marafiki wa toka utotoni, kila mmoja na kipawa chake na pengo lake.

Mwanatumu alijaliwa mkono. Akishika kimfuko cha hina, maua yanatoka kana kwamba yalikuwa chini ya ngozi yakisubiri kuitwa. Lakini mwoga, jamani! Mbele ya mgeni ulimi unamganda, na ukimuuliza jina lake anamtazama mwenzake amjibie.

Raya alijaliwa sauti. Akikusimulia jambo la mchana wa jua kali, unahisi baridi. Lakini mpe achore ua, utadhani kuku kapita.

Kidawa yeye alijaliwa jibu. Anakwambia ukweli mpaka unamshukuru. Ila ukweli huo anauweza kwa kuandika tu. Akifungua mdomo hugombana hata na muuza mchicha.

Wakafungua ukurasa mtandaoni, watafute kazi ya kupamba mabibi harusi. Mwanzo walifanya ujinga wa wengi: waliokota picha za mikono ya kifahari ya nchi za watu, wakabandika. Aliyekuja aliuliza, "Huo mkono ni wako?" Kisha akapotea. Kidawa akasema, "Tuweke mambo ya kwetu, yalivyo. Ila kwa jina moja. Watu hawaiti mkutano nyumbani kwao, wanamwita mtu." Ndipo akazaliwa Bi Waridi, asiye na uso, kwa kuwa wote watatu huvaa nikabu.

Mwanatumu akapiga picha mkono wake mwenyewe, wenye kidole kilichopinda. Siku moja hina ilimdondoka pasipotakiwa. Hakulifuta lile doa. Alionyesha lilivyogeuka jani.

Raya akajirekodi sauti, akasimulia alivyoachwa na mchumba hina ikiwa bado mbichi viganjani, na alivyoingoja ifutike, mikono kaificha ndani ya kanga hata sokoni. Hakutia chumvi. Wanawake walilia naye.

Kidawa akawa anajibu ujumbe. "Usinipe kazi hii," alimwandikia mmoja. "Ngozi yako inawasha, kamwone daktari kwanza." Huyo aliyekataliwa ndiye aliyeleta wateja wengine.

Hapo sasa simu hazikukatika. Na yote waliyoyasema yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ni jina.

Basi akaandika binti anayeitwa Salha, harusi imekaribia. Utotoni alimwagikiwa na uji wa moto, na mkono wake wa kulia una kovu toka kiwikoni mpaka vidoleni. Huvaa glavu daima. Hata mchumba wake hajauona. Na siku ya kutolewa mbele ya wanawake, bibi harusi lazima aonekane mikono. "Niliapa sitatoka chumbani," aliandika. "Lakini nimeona doa lako lililogeuka jani, nimesikia ulivyoficha mikono yako, nikathubutu kukuuliza. Utalificha kovu langu?"

Kidawa akajibu bila kuwauliza wenzake: "Sitalificha. Nitachora mpaka kovu lenyewe liwe shina la maua."

Salha akarudisha: "Basi njoo wewe. Akija mwingine, harusi haipo."

Mwanatumu aliposomewa hayo, akapiga kelele.

"Kidawa, umeniua! Kovu la moto halishiki hina kama ngozi nzima. Linaweza kutoka mabaka. Nikimharibu je?"

"Utaweza."

"Kuandika 'utaweza' ni kwako. Kuushika mkono wa mtoto wa watu ni kwangu."

"Na akijua tuko watatu?" Raya aliuliza.

Siku ikafika. Walikwenda wote, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda peke yake. Mwanatumu aliogopa njia nzima. Aliogopa kovu, aliogopa kuulizwa jina, na zaidi ya yote aliogopa Salha ajue kwamba mtu pekee aliyemwamini duniani hayupo. Aliomba mvua inyeshe barabara ifungwe. Mbingu zilikuwa nyeupe pee.

Wakapokewa na shangazi wa Salha, Bi Mgeni.

"Karibuni. Bi Waridi ni yupi?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Haya, mtajuana wenyewe. Lakini nyumba hii ina desturi. Chumbani kwa bibi harusi anaingia mpambaji mmoja, na akishaingia habadilishwi mpaka hina ikauke. Macho mengi yana kijicho. Wengine wakae hapa wanywe kahawa."

Wakajibanza karibu na pazia la chumba, wakinong'ona.

"Niingie mimi," alisema Raya. "Akisikia sauti nyingine, atajua kadanganywa."

"Na akikuuliza mlichoandikiana?" Kidawa akamkata. "Siri zake ninazo mimi. Ahadi nimeitoa mimi."

Mwanatumu aliminya kile kimfuko cha hina mpaka vidole vikamuuma. "Mkiingia ninyi, atatolewa mbele ya watu kaharibiwa. Nami nikiingia nitakuwa bubu, na atanijua kwa huo ububu."

"Tumwambie kweli."

"Akighairi harusi je, Kidawa?" Raya akauliza. "Utamrudishia nini?"

"Mnanong'ona nini?" Bi Mgeni aliuliza. "Hii ni harusi, si matanga."

Mara pazia likasogea. Mkono ukatoka, mtupu, bila glavu, mkono wa gauni umekunjwa mpaka kiwikoni. Kovu liling'aa mchana kweupe. Bi Mgeni alijiziba mdomo. Yeye ndiye aliyemlea, na alikuwa ameshasahau lilivyo.

"Bi Waridi," sauti ilitoka ndani, "nimeutoa kabla sijabadili nia. Nishike upesi. Naogopa."

Mwanatumu aliutazama ule mkono. Machozi yalimlowesha nikabu.

Sasa nambieni, wenzangu. Mmoja alimfanya Salha aone kuwa inawezekana, mmoja alimfanya asijione peke yake, mmoja alimpa ahadi. Jina ni moja na mlango ni mmoja. Msinijibu waingie wote, Bi Mgeni kasimama pale pale. Wala msinijibu waseme kweli, mpaka mniambie aiseme nani, na binti huyo afanyweje akiurudisha mkono ndani.

Mkono uko hewani, unangoja. Wewe ungemwambia nani aushike?