Maungio Tisa ya Kiangi

Paukwa!
Pakawa!
Ninyi mnaoandika programu sogeeni, hii ni yenu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha mlimani chenye mfereji mkuu mmoja. Chururu, chururu, ukanywesha mashamba yote. Aliyepata chemchemi alichimba mfereji wake mdogo, akauunganisha na ule mkuu. Lakini mila ilikuwa hii: usimame kwenye ungio, umwambie Bibi Namkunda, mlinzi wa mfereji, umeunganisha nini, kimetoka wapi, na kwa nini. Bibi akisikia, hasahau.

Akaja Kiangi, mwepesi wa jembe.

"Umeunganisha nini, baba?"

"Marekebisho, Bibi."

"Marekebisho gani?"

"Madogo."

Kesho yake akarudi. "Na leo?"

"Marekebisho mengine."

Maungio tisa, marekebisho tisa.

Basi maharage ya Nakijwa, mjane wa kaka yake Kiangi, yakageuka manjano. Na ndiyo mbegu pekee aliyobaki nayo. Mfereji mmojawapo ulileta magadi, machache mno. Ulimi haukuyasikia, maharage yaliyasikia.

Bibi akayataja maungio ya wengine, moja moja, hata ya marehemu. Yote safi.

"Kiangi, lipi lako limepita kwenye magadi?"

"Nani anakumbuka, Bibi?"

"Si wewe uliyechimba?"

"Ndiyo mimi. Sikumbuki."

Nakijwa akasema, "Shemeji, mwaka huu nipike marekebisho?"

Bibi akashika jembe. Tii! Akaziba ungio la kwanza. Tii! La pili. Tii, tii, mpaka la tisa.

"Bibi, na mahindi yangu yatakunywa nini?"

"Kila ungio litafunguliwa kwa maneno yake."

Kiangi akapanda mlima. Siku tatu alifuata mifereji yake hadi vyanzoni. Akarudi miguu imevimba, akasimama kwenye ungio:

"Huu umetoka chemchemi ya mkuyuni, niliuunganisha kwa kuwa mashamba ya juu yalikauka. Huu umepita udongo wa magadi. Niliuunganisha kwa kuwa ulikuwa karibu."

Akaendelea. Watu wakakaa chini, maana maneno yalikuwa marefu. Hakuna aliyeondoka.

Manane yakafunguliwa, la magadi likabaki limezibwa. Nakijwa akavuna kikapu kimoja. Cha mbegu, si cha kutia chunguni.

Wajukuu zangu, ukiunganisha kazi yako na ya wenzako, usiandike "nimeunganisha". Hilo wanaliona. Andika umeunganisha nini, kimetoka wapi, na kwa nini. Atakayeyatafuta maneno hayo programu ikiharibika huenda ni wewe mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia.