Jeneza Lililompwaya Mtoto

Leo nina hasira, wapendwa, na sitaificha. Tegeni masikio.

Kulikuwa na seremala mmoja, fundi hasa, aliyefiwa na binti yake wa pekee. Mtoto wa darasa la pili tu, homa ikamchukua ghafla. Mama mtoto alikuwa ndani mkekani, wanawake wamemkumbatia, analia mpaka sauti imekauka. Na baba je? Baba alikuwa nje na wanaume. Machozi yalipoanza kumlengalenga, mzee mmoja wa kanisa akamshika bega: "Jikaze! Wewe ni mwanamume. Ukilia wewe, mkeo atamwegemea nani?"

Basi akajikaza. Akameza machozi, akaingia karakanani, akamtengenezea mwanawe jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakamsifu, "Huyo ndiye dume!" Mtu anasifiwa kwa kutomlilia mwanawe! Jamani, nani ametuloga?

Jeneza lilimpwaya mtoto. Mama aliliona, akaliweka moyoni. Wakazika, matanga yakaanuliwa, kila mtu akashika njia yake. Seremala akarudi kazini. Jina la mtoto halitaji. Mke akianza kulia, yeye anatoka nje, anaogopa kwamba akifungua kinywa hataweza kukifunga tena. Sasa mnadhani mkewe aliona shujaa? Thubutu! Aliona mtu asiye na moyo. Akafunga mizigo, akarudi kwao.

Wazee wakaitisha kikao ukweni. Mke akasema mbele ya wote: "Huyu hakumpenda mwanangu. Kutwa anawapimia watu vitanda na makabati, mtoto wake mwenyewe akashindwa kumpima! Akapigilia mbao tu, ilimradi azikwe."

Seremala alitaka kuomba radhi, yaishe. Yakatoka mengine.

"Mama Sekela, nilikuja na futi mkononi. Nikafika mlangoni, nikaona vidole vyake vya miguu vimetokeza kwenye shuka. Sikuweza. Niliona nikimpima tu, ndiyo nimekubali kwamba amekufa. Nikarudi, nikakisia." Akaangua kilio, kamasi na machozi, mbele ya wakwe zake.

Yule mzee wa kanisa, aliyekuja kumsindikiza, akainuka mbio. "Jikaze, baba! Ukweni hapa!"

Mke akamgeukia. "Mzee, kaa chini! Mwache alie! Siku zote hizi namlilia mtoto peke yangu, kumbe baba yake yupo, ninyi ndio mmemziba mdomo!" Akamfuata mumewe pale alipokuwa, wakalia pamoja.

Haya, niambieni. Nani alitaka kuivunja nyumba ile? Shetani? Msimsingizie, siku hiyo alikuwa likizo. Ni sisi! Sisi tunaofika msibani tumejaza "jikaze" mdomoni, kisha tunakula wali wa watu na kwenda zetu. Bwana wetu alimlilia rafiki yake hadharani, akielekea kaburini. Na yeye mngemwambia ajikaze?

Mwanamume unayenisikia, ukitoka hapa nenda kamwambie mkeo linalokuuma. Leo, kabla ya chakula. Na wewe mwenye tabia ya kuwakaza wafiwa, ukikosa la kusema, keti naye ulie naye. Hilo nalo limekushinda? Basi funga mdomo, umwache mwenzio amlilie mtoto wake.