Digrii ya Nguchiro kwenye Mizani ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na cheti!
— Na kazi je?
Kazi imekwenda likizo! Sogeeni, hadithi imerudi kutoka kwenye intavyuu, imechoka na ina njaa. Ipisheni ikae.

Hapo kale aliishi Nguchiro, mfupi wa mwili, mrefu wa ulimi. Mama yake alikuwa na kitu kimoja tu duniani: shamba la karanga kando ya mto. Nguchiro akataka kusoma. Mama akaenda kwa Kiboko, tajiri wa mto, yule ambaye tumbo hufika kwanza, mwenyewe akafuata.

Kiboko akasema, "Ada nalipa mimi. Shamba nachukua mimi. Mwanao akirudi na kitu kizito kuliko udongo wa shamba hili, utarudishiwa."

Mama akakubali. Mama ni mama.

Nguchiro akasoma, akasoma, akasoma. Akasoma nini? Anthropolojia! Yaani miaka minne anazunguka na daftari, anauliza wanyama wanavyooana, wanavyosalimiana, wanavyozikana. Wenzake wa uhasibu walipata kazi ya kuhesabu mayai ya mbuni. Yeye alimpata Bibi Mashavu, kikongwe wa viboko, bibi mzaa mama wa Kiboko huyohuyo. Ukoo mzima ulimkimbia bibi huyu, eti anaongea sana. Nguchiro hakukimbia. Alikaa naye msimu mzima, bibi anasema, yeye anaandika, kwaru kwaru kwaru.

Akarudi na cheti. Kiboko akaita kijiji, akaleta mizani. Upande huu konzi ya udongo, upande huu digrii. Udongo: puu! Digrii: chwii, juu kama unyoya!

"Oya, grajueti!" Kiboko akacheka mpaka mto ukatoa povu. "Anthro... anthro nini vile? Inalika?"

"Inasomwa, mkubwa."

"Basi isome ushibe!"

Nguchiro akapeleka sivii kuomba kazi kwa Simba: We regret to inform you, yaani kazi hupati. Akapeleka kwa Tembo: We regret. Akapeleka kwa Kunguru, jamani, Kunguru anayekula jalalani: "Tunataka uzoefu wa miaka mitano." Lakini sivii hazikumuuma. Kilichomuuma ni mama, anayelima kibarua kwenye shamba lake mwenyewe, akirudi na karanga sita kwenye pindo la kanga: "Kula, msomi wangu. Mimi nimeshakula."

Hajala. Nguchiro alijua hajala.

Siku moja baba yake Kiboko akafa kwa uzee. Mila ya viboko inasema marehemu azikwe kabla jua halijazama. Wachimba kaburi, akina Nungunungu, wakataka magunia mawili ya mahindi.

"Magunia mawili kwa shimo?" Kiboko akafoka. "Shimo ni mahali pasipo na kitu! Nilipie kisichokuwepo?"

Nguchiro akanyoosha mkono. "Pole kwa msiba, mkubwa. Nitachimba mimi, bure."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Bure?"

"Bure kabisa. Nimesoma kwamba nguchiro na viboko ni watani, na msibani mtani ndiye mchimbaji. Ila utangaze mbele za watu, nisionekane nimevamia msiba."

Kiboko hakuuliza la pili. "Sikieni wote! Nguchiro ni watani zetu! Tangu mababu! Mpaka wajukuu! Haya, chimba."

Nguchiro akachimba. Fuku fuku fuku! Likawa refu. Fuku fuku fuku! Likawa pana. Fuku fuku fuku! Likatosha kiboko na tumbo lake. Jua nalo likaanza kushuka. Waombolezaji wakamleta marehemu, wakachungulia kaburini, na nani amelala humo chali, digrii kifuani?

"Toka!" akasema Kiboko.

"Sitoki."

"Toka, tunazika!"

"Nimepapenda. Huku hawaulizi uzoefu."

"Nitakukanyaga, panya we!"

"Weee!" Sauti ikatoka nyuma. Bibi Mashavu huyo, na mkongojo wake. "Unamkasirikia mtani msibani? Mtani analala kaburini mpaka apewe anachotaka. Ndiyo haki yake! Ukimkasirikia, unaongeza na cha pili. Nimeyasema haya miaka yote, mkaniambia bibi anaongea sana. Ni huyu peke yake aliyeandika."

Kiboko akavimba, akanywea. Akavimba, akanywea. Kijiji chote kinamtazama, na aliyetangaza utani ni yeye mwenyewe.

"Haya, mtani," akatabasamu kama anayeng'olewa jino. "Unataka nini?"

"Shamba la mama."

"Shamba!"

"Umekasirika, mtani?"

"Nani, mimi? Nacheka! He. He. He."

"Na kwa lile la kunikanyaga, nipe mizani yako."

Jua likagusa miti. Kiboko akatoa shamba. Akatoa na mizani. Nguchiro akaruka nje, puru! Akajipangusa udongo, kisha akamlilia marehemu machozi ya kweli, maana alikuwa mzee mpole.

Msimu ukafika. Karanga za kwanza Nguchiro akampelekea Bibi Mashavu, zikiwa zimetwangwa, maana meno hana. "Asante, bibi."

"Asante wewe, mjukuu wangu, kwa masikio. Sasa kaa, nikusimulie habari za harusi ya shangazi yangu."

Akakaa mpaka zikaisha.

Na mama? Mama aliichukua digrii, akaiweka kwenye mizani. Upande wa pili hakuweka kitu. Digrii ikashuka, taratibu, tii.

"Umeona?" akasema mama. "Ina uzito."

Sasa funzo, wanangu: anthropolojia haina faida hata kidogo. Someni uhasibu. Na kama mmeshachelewa, kama mimi, basi shukuruni mama zenu, mkasubiri tajiri afiwe.

Hadithi yangu nimeimenya, karanga nimekula. Maganda hayo, mwenye kazi ayafagie!