Ya Mungu Hayanuswi Kwanza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa ua, na pua ikalitamani!

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa vichochoro, alikuwako Bi Mwanaate, ajuza mwenye busara na miguu mibovu, Mungu amrehemu. Shoga yake alikuwa Kamala, Banyani wa nyumba ya pili. Kila sikukuu ya taa walikwenda kwa miguu na asumini za Kamala: kwanza hekalu la Mabanyani, kisha mti mtukufu wa Wabudha, mwisho wa mji. Kamala akiingia, Bi Mwanaate humngoja nje, akimlindia viatu.

Wanawe Kamala wakamhamishia ng'ambo. Siku ya kuagana akasema, "Shoga, nipelekee maua yangu. Kwa miguu, kama sisi."

"Nitapeleka."

Sikukuu ikafika. Bi Mwanaate akachuma asumini za Kamala, akatunga shada, akashika njia. Chapu, chapu, chapu! Jirani akamtania: "Bi Mkubwa, umeshakuwa Banyani?"

"Nimekuwa mwenye ahadi. Nipishe!"

Chapu, chapu. Harufu ikampanda. Ilikuwa harufu ya nywele za Kamala. Akalileta shada puani, akavuta, macho yakamlowa.

Hekaluni kengele ikalia: ngii! Kuhani akanyoosha mikono. Hapo Bi Mwanaate akakumbuka Kamala alivyokuwa akimpiga vikofi: "Usinuse, shoga! Ya Mungu hayanuswi kwanza!"

Akarudisha shada nyuma. "Nisamehe, baba. Hili nimelinusa."

Muuza ubani wa mlangoni akacheka. "Si ungenyamaza, bibi! Nani angejua?"

"Pua yangu."

Akalifunga shada lile katika pindo la kanga, akarudi. Chapu... chapu... Jua kali, magoti yanalia. Akachuma tena, akajitwika kikapu kichwani, akaziba pua kwa ncha ya kanga. Kuhani akapokea nusu. Chapu... chapu... mpaka kwenye mti, jua linakuchwa.

Mtawa akapokea yaliyobaki. "Mwenzako yuko wapi, bibi?"

"Mbali, mwanangu."

Maua yakawekwa shinani. Bi Mwanaate akageuka, kwa mazoea, kutazama viatu vya kulinda. Vilikuwapo vyake tu.

Akafungua pindo. Akalitoa lile shada lililonyauka, akalinusa njia nzima mpaka kwake.

Amana ya aliye mbali haipunguzwi, hata kwa pumzi. Hadithi yangu imevua viatu, imekaa. Nawe unayesikiliza, nakuomba: kama umeshika cha mtu, kesho kipeleke.