Nusu ya Jiko la Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakipika kama sisi. Pimbi, yule mdogo wa majabalini, alikuwa na jiko moja. Moja tu! Mafiga matatu, chungu kimoja, na mtoto mmoja mgonjwa aitwaye Chembe. Chembe alitapika kila kitu isipokuwa uji wa moto.

Bondeni aliishi Kiboko. Yeye alikuwa na meko thelathini, yamezunguka bwawa lake. Kutwa kucha yaliwaka, fuu! fuu! fuu! Moshi ukapanda, ukapanda, ukaziba mbingu. Mvua ikaja, ikauona moshi, ikarudi zake. Mwaka wa kwanza, hivyo. Mwaka wa pili, hivyo. Bwawa la Kiboko likapungua kidogo. Kijito cha majabalini kikakauka kabisa.

Wanyama wakaitana. Kiboko akasimama, machozi yanamtoka.

"Ndugu zangu, moto wetu umefukuza mvua. Sote tumewasha, sote tupunguze. Kila nyumba izime nusu!"

"Nusu! Nusu! Hiyo ndiyo haki!"

Wakapiga makofi, pa! pa! pa! Pimbi naye akapiga, tena kwa nguvu. Nusu ni nusu, nani atabisha?

Akafika nyumbani. Akaliangalia jiko lake. Akalizunguka kushoto. Akalizunguka kulia.

"Mama, unatafuta nini?" Chembe akauliza.

"Nusu, mwanangu."

"Imepotea?"

"Hata sijui kama ilikuwapo."

Mara, ka-ka-ka! Kanga huyo mlangoni, ndiye aliyetumwa kukagua.

"Mama Chembe, umeshazima nusu?"

"Nizime vipi, shoga? Jiko ni moja."

"Mafiga mangapi?"

"Matatu."

Kanga akahesabu kwa ukucha. "Basi nusu yake ni figa moja na nusu. Lakini mimi si mkali. Toa moja tu."

Pimbi akatoa moja. Akateleka chungu juu ya mawili. Kikayumba huku. Kikayumba kule. Puu! Uji wote majivuni. Chembe akaangua kilio.

"Ajabu," akasema Kanga, akirukaruka asiungue miguu. "Kwa Kiboko hakikuanguka kitu."

"Kwani yeye alitoa figa lipi?"

"Sijui, shoga. Mimi nahesabu tu."

Kesho yake Pimbi akarudisha figa, akajaribu nusu nyingine. Uji ulipoanza tu kutoa mvuke, akazima moto. Chembe akaunywa mbichi. Tumbo likamsokota, akatapika hadi macho yakazama. Kisha akanyamaza. Kimya kile kilimtisha Pimbi kuliko kilio.

"Kosa ni langu," akajiambia. "Wenzangu wote wameweza. Nitamwomba Kiboko anifundishe."

Akambeba Chembe mgongoni. Akachukua chungu na unga wa mwisho, ili aonyeshwe kwa vitendo. Akateremka bondeni.

Akamkuta Kiboko yumo bwawani, matundu ya pua tu ndiyo yako nje. Kando ya maji meko kumi na tano yanawaka, fuu! fuu!

"Karibu, jirani! Unaona ninavyoteseka? Yalikuwa thelathini haya. Sasa maji yangu ni ya vuguvugu tu."

Pimbi akatazama meko. Hakuona chungu hata kimoja. Akafikicha macho, akatazama tena.

"Bwana Kiboko, haya yanapika nini?"

"Kupika? Mimi hula majani, jirani. Haya yanapasha maji ya kuoga."

"Na yale uliyozima?"

"Nayo ya kuoga."

Pimbi akakaa chini. Nusu ya Kiboko ni vuguvugu. Nusu yake yeye ni mtoto. Zimepataje kuitwa jina moja? Alitaka kukasirika, hakujua aanzie wapi. Jambo moja tu alilijua: Chembe ana njaa, na moto ule pale. Akainuka, akateleka chungu chake juu ya jiko la Kiboko.

"We! Unafanya nini?"

"Nusu yangu imekataa kuiva, bwana. Naomba niipikie kwenye nusu yako."

Toko, toko, toko! Uji ukachemka. Chembe akanywa. Akaomba tena.

Habari ikaenda mbio. Digidigi akaja na chungu. Nungunungu akaja na chungu. Kicheche akaja na viwili, maana alikuwa na mapacha. Siku ya tatu meko yote yamejaa. Joto lote likaingia vyunguni, na Kiboko akatoka majini anatetemeka, ge-ge-ge!

"Mmeuzima moto wangu!"

"Nani kauzima?" Digidigi akacheka. "Si huo unawaka? Ila sasa unapika."

Wanyama wakaitana upya. Safari hii Kanga hakuuliza "mangapi?" Aliuliza "ya nini?" Meko ya kuogea yakazimwa yote. Ya kupikia yakaachwa, kila mmoja akarudi kupika kwake. Mvua haikurudi siku ile, kwa sababu moshi wa miaka hauondoki kwa siku moja. Basi Kiboko akaamriwa awapandishie maji wakazi wa majabalini kila asubuhi, mpaka mvua irudi. Akapanda na ndoo, anahema, hu! hu! hu!

Funzo ni hili: mzigo wa kupunguza haugawanywi sawa kati ya mwenye meko thelathini na mwenye jiko moja. Anayeoga azime kwanza. Anayepika aachwe apike. Na aliyefukuza mvua ndiye abebe maji.

Hadithi yangu imeishia hapo, kilimani, na ndoo ya Kiboko bado haijafika juu.